Gorogoro la Kupimia Moyo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpenzi msomaji, methali hiyo ndiyo jibu la wengi wanapoambiwa kwamba siku hizi kuna karatasi ya kupimia huzuni. Watacheka, kisha watauliza: huzuni ya mtu itapimwa vipi? Damu hupimwa, mkojo hupimwa, joto la mwili hupimwa. Lakini moyo wa mtu ni msitu wa giza. Nani ataingia humo na futi yake?

Hata hivyo karatasi hiyo ipo, na yamkini wewe au jirani yako mmewahi kuulizwa maswali yake. Mama anaenda kliniki na mtoto mchanga, au mzee anaenda kuchukua dawa za presha. Baada ya kupimwa uzito na kufungwa ule mpira wa mkononi, anasikia muuguzi akimwuliza: "Katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?" Mgonjwa anashtuka. Anajiuliza kama ameonekana mwendawazimu. Anajibu "hapana" kwa kila swali ili yaishe, achukue dawa zake aende zake.

Leo nataka tuizungumzie karatasi hiyo: ilitoka wapi, inapima nini, na ni lini tunapaswa kuiamini. Nitatolea mifano yangu pale Busia na Malaba, kwa sababu mpakani ndipo ugumu wa kazi hii unapoonekana waziwazi. Wakazi wa Nairobi, Nakuru au Mombasa msidhani hayawahusu. Yanayotokea Busia hutokea pia Eastleigh na Kongowea.

GOROGORO LILILOBONYEA

Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba ya kazi. Ndani ya mkoba mna mashine ya presha, mashine ya sukari, kipimajoto na mizani. Kila kifaa kinatoa nambari. Kwa upande wa moyo na akili, hakuna sindano wala mashine. Kifaa tulicho nacho ni maneno tu: swali linaulizwa, jibu linatolewa, alama zinajumlishwa. Ndiyo maana maneno hayo hayana budi kukaguliwa kama inavyokaguliwa mizani ya mwenye duka.

Ili kuuelewa ukaguzi huo, twende sokoni Busia. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la takriban kilo mbili. Mnunuzi mzoefu, kabla ya kutoa pesa, huligeuza gorogoro akatazama kitako. Anajua kwamba muuzaji mjanja hukigonga kitako kikabonyea ndani. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ukilitumia gorogoro hilo asubuhi, jioni, leo na kesho, utapata kiasi kile kile cha mahindi. Halibadiliki hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba kila mara linakupunja, na linakupunja kwa kiasi kile kile.

Muuzaji wa pili ana kopo zima lisilo na kasoro. Lakini leo amekujazia hadi kilele kimesimama kama kichuguu, na kesho anakifuta kilele kwa kiganja. Kopo ni la haki, ila mkono unayumba. Hapo pia huwezi kujua umenunua kiasi gani.

Wataalamu wa saikolojia huzungumzia mambo hayo hayo mawili. La kwanza huliita uthabiti: je, kipimo kinatoa jibu lile lile kikirudiwa, au kikitumiwa na mtu mwingine? La pili huliita uhalali: je, kinapima kile tunachodai kinapima? Kipimo kinaweza kuwa thabiti na bado kikawa cha uongo, kama lile gorogoro lililobonyea. Na tofauti na gorogoro, hojaji haina kitako cha kutazama. Inaweza kuwapunja watu miaka kumi bila mtu kugundua.

MASWALI TISA

Hojaji inayotumiwa zaidi ulimwenguni kupima sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka na inayomzuia mtu kuishi maisha yake, inaitwa PHQ-9. Ilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na taarifa ya kuikagua ikachapishwa mwaka wa 2001. Ina maswali tisa. Yanauliza kuhusu hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujilaumu, kushindwa kutulia akili, mwendo wa mwili, na mawazo ya kifo. Kila swali lina majibu manne, kuanzia 0 kwa "hata kidogo" hadi 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ya juu kabisa ni 27, na aghalabu anayefikisha 10 hutazamwa zaidi.

Ni rahisi kuona kwa nini karatasi hii ilipendwa. Haina malipo, inachukua dakika chache, na muuguzi wa zahanati anaweza kuiuliza. Katika nchi kama yetu, ambako madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na wengi wao wako mijini, kifaa kama hicho ni neema. Lakini maswali hayo yalitungwa kwa Kiingereza, kwa wagonjwa wa Marekani. Je, yakivuka bahari yanabaki yale yale?

NENO LIKIVUKA MPAKA

Chukua mfano wa hojaji nyingine maarufu, CES-D, iliyotolewa na Lenore Radloff mwaka wa 1977. Ina kauli 20. Mojawapo inatumia neno la Kiingereza la rangi ya buluu kwa maana ya huzuni. Mfasiri anayefuata kamusi atamwuliza mama wa Burumba kama ameshindwa kujitoa katika rangi ya buluu. Mama atamtazama tu. Kadhalika, Mwingereza mwenye huzuni husema kwamba anajisikia "chini". Mwulize mzee wa Amukura kama anajisikia chini, naye atakuuliza: chini ya nini?

Hayo ni makosa yanayochekesha, na kwa kuwa yanachekesha hugunduliwa mapema. Hatari kubwa iko kwenye maneno yanayopita kimya kimya. Kwetu mtu akisema "nina mawazo", kila mtu anaelewa kwamba ana jambo linalomsumbua na halali usiku. Mgeni aliyejifunza Kiswahili chuoni ataandika kwamba mhojiwa ana maoni mengi. Mtu akisema "moyo unaniuma", huenda akapelekwa kupimwa kifua. Na hata neno "sonona" nililolitumia hapo juu, ambalo Dar es Salaam linasikika, ukilitamka kwenye foleni ya kliniki Malaba huenda usipate jibu ila macho.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa wengi wa mpakani. Nyumbani watu husema Kikhayo, Kimarachi, Kisamia, Kinyala, Kiteso au Kijaluo, na sokoni Kiganda hakikosekani. Mtu hununua na kuuza kwa Kiswahili, lakini analia kwa lugha ya mama yake. Maneno ya hapa yana maisha yake. Si ndiko mpakani huku, inavyosimuliwa, ambako waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine walituzalia neno bodaboda? Neno hilo halikutafsiriwa kutoka kitabu chochote. Lilizaliwa na kazi ya watu.

Kwa hiyo utaratibu unaokubalika ni huu. Hojaji hutafsiriwa na watu wawili au zaidi. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaiona ya Kiingereza, huirudisha katika Kiingereza ili ionekane ni wapi maana imepotea. Baada ya hapo huletwa kwa watu wa kawaida, na kila mmoja huulizwa: "Swali hili umelielewaje? Lieleze kwa maneno yako." Hatua hii ya mwisho ndiyo wenye haraka huiruka, na ndiyo inayofichua mengi kuliko nyingine zote.

NJAA SI SONONA

Hata tafsiri ikinyooka, safari haijaisha. Yatazame tena yale maswali tisa, sasa kwa macho ya mtu wa mpakani.

"Umekuwa na shida ya kulala?" Dereva wa lori aliyekaa siku tatu katika foleni ya Malaba, akilinda mzigo wake usiku kucha, atajibu ndiyo. "Umekosa hamu ya chakula au umekula kidogo?" Mama ambaye unga uliisha Jumatatu atajibu kwamba amekula kidogo. "Umejisikia mchovu?" Kijana anayesukuma mkokoteni wa bidhaa tangu alfajiri atakuona wewe ndiye mwenye kasoro kwa kuuliza. Watu hao watatu wanaweza kukusanya alama nyingi bila kuwa na sonona. Wanachohitaji ni foleni fupi, unga, na mapumziko. Ukiwahesabu wote kuwa wagonjwa wa akili, umeigeuza shida ya maisha kuwa ugonjwa, na kaunti itapanga bajeti kwa takwimu isiyo ya kweli.

Upande wa pili yuko mwanamume aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mume halii. Ukimwuliza kama ana huzuni, atakana. Lakini mgongo unamwuma bila sababu, tumbo linamchoma, kichwa hakimwachi, na pombe imezidi. Karatasi itampa alama mbili au tatu na kumruhusu aende. Huyo ndiye anayepotea. Watu wa nyumbani watashangaa baadaye na kusema: "Lakini alikuwa mzima!"

SOMO LA MASAKA NA RAKAI

Je, dawa ni nini? Hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mpaka, kusini magharibi mwa Uganda, kuna wilaya za Masaka na Rakai, ambazo ukimwi uliziumiza vibaya sana. Mwaka wa 2000 watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walifika huko. Badala ya kuanza na karatasi kutoka Marekani, walianza na masikio. Waliwaomba wanavijiji wataje wenyewe shida ambazo ukimwi uliwaletea. Kila lilipotajwa jambo la moyo na akili, walilifuata kwa watu wanaolijua vizuri.

Wanavijiji walikuwa na majina tayari. Hali moja waliiita yo'kwekyawa, yaani kujichukia. Nyingine ikaandikwa okwekubazida, yaani kujihurumia na kujililia. Hali hizo mbili zilifanana kwa sehemu kubwa na ile ambayo madaktari huiita sonona, lakini hazikuwa nakala yake. Ndipo watafiti wakachukua hojaji ya Kiingereza iliyokuwepo, wakairekebisha na kuongeza dalili zilizotajwa na wenyeji. Aidha waliwauliza wanaume na wanawake, kila kundi mbali, ni kazi gani ambazo mtu wa kwao hana budi kuzifanya ili aonekane mzima. Kutokana na majibu hayo wakatunga maswali ya kupima kama ugonjwa umemzuia mtu kuzifanya. Hilo ndilo linalotenganisha huzuni ya kawaida na ugonjwa. Sote huhuzunika, lakini si sote hushindwa kwenda shamba au kushiriki matanga ya jirani.

Faida ya kazi hiyo ilionekana muda si mrefu. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2003, vijiji 30 viligawanywa. Katika vijiji 15 watu waliokuwa na dalili walikutanishwa katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa majuma 16, wakazungumza kuhusu misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo, si madaktari. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya walio katika vikundi walihesabiwa kuwa na sonona, na katika vijiji vya kulinganisha asilimia 94. Mwishoni, waliobaki na sonona vikundini walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vingine walikuwa asilimia 54.7.

Msomaji, tazama vizuri hesabu hiyo. Matibabu yalikuwa ni mazungumzo tu. Kama kipimo kingekuwa kimebonyea, tungejuaje kwamba mazungumzo yalisaidia? Wenye fedha wangesema hakuna kilichobadilika na kufunga mradi. Au wangesema kila mtu amepona hata pale ambapo hakupona. Kipimo cha haki ndicho kilichowapa wanavijiji ushahidi.

ELDORET, DAR ES SALAAM NA HARARE

Kwa upande wetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana wana mpango uitwao AMPATH, ambao huduma zake zilifika hadi Busia na Teso. Mwaka wa 2009 ilichapishwa taarifa ya watafiti walioikagua PHQ-9 kwa watu 347 wanaoishi na virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya. Waliangalia kwanza kama maswali tisa yanakwenda pamoja, yaani kama anayejibu "ndiyo" kwa moja huelekea kujibu "ndiyo" kwa mengine. Kwa kigezo kinachofika 1, walipata 0.78, ambayo ni nzuri. Kisha wakawauliza watu tena baadaye, waone kama majibu yanarudi yale yale. Hapo walipata 0.59, ambayo ni ya wastani tu.

Je, ni mkono wa muuzaji uliyumba? Pengine. Lakini kumbuka kwamba moyo si mahindi. Mahindi uliyopima Jumatatu hayatabadilika Ijumaa, lakini moyo wa mtu hubadilika kwa habari moja tu, iwe njema au mbaya. Hii ndiyo sababu kazi ya kupima moyo ni ngumu kuliko kupima joto. Ndiyo sababu pia matokeo ya siku moja hayafai kubandikwa mtu usoni kama muhuri.

Jijini Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walikagua hojaji nyingine kutoka Marekani kwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi, wakalinganisha majibu na mahojiano marefu ya kitaalamu. Taarifa yao ilitoka mwaka wa 2002. Mwaka wa 2008 wakatoa hojaji yao wenyewe ya maswali 19, iliyotungwa kwa ajili ya Tanzania. Huko Harare, Vikram Patel na wenzake walikuwa wametangulia kutunga hojaji ya Kishona yenye maswali 14, iliyochapishwa mwaka wa 1997. Neno walilolisikia tena na tena kwa wagonjwa ni kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Je, si binamu wa "nina mawazo" ya kwetu? Hojaji hiyo ndiyo waliyokabidhiwa akina nyanya wa mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka wa 2006. Wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki, wanauliza, wanasikiliza. Mpango huo umefika hata Malawi na Zanzibar.

WATOTO WA USENGE

Wazazi nao wana la kujifunza hapa, maana watoto wetu hupimwa kuliko sisi. Kusini ya Budalangi, ng'ambo ya kinamasi cha Yala, kuna Usenge kando ya ziwa. Huko kundi la watafiti, akiwemo Robert Sternberg wa Marekani, liliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Mtihani mmoja ulikuwa wa aina ya shule. Mwingine uliuliza kuhusu dawa za miti shamba: hii inatibu nini, inatumiwa vipi, kiasi gani. Katika mazingira yenye minyoo na malaria, hayo si maarifa ya mchezo. Taarifa ilipotoka mwaka wa 2001 ilionyesha kwamba watoto waliojua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa shule.

Je, watoto hao walikuwa wajinga? La hasha! Wajaluo wenyewe walipoulizwa akili ni nini, walitoa maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Kwa ufupi ni ujuzi, heshima, fikra za kuanzisha jambo, na uelewa. Mtihani wa karatasi hugusa sehemu ya neno la kwanza, mengine matatu ukayaacha nje.

Robert Serpell aliwahi kuonyesha jambo la namna hiyo mnamo 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, ule wanaotengenezea magari ya kuchezea, Wazambia walishinda. Kwa udongo, wakatoka sare. Mtoto ni yule yule, lakini kifaa kimebadilika. Basi mzazi, unapoambiwa mtoto wako "ana akili ndogo", uliza kwanza amepimwa kwa waya au kwa kalamu.

SWALI LA TISA

Sasa tufike mahali pagumu. Swali la mwisho la PHQ-9 linauliza kama mtu amewahi kuwaza kwamba afadhali angekufa, au kujidhuru. Hilo si swali la alama tu. Ni swali la uhai.

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Hebu jiweke katika nafasi ya aliyeulizwa. Mbele yako kuna mtu mwenye kalamu, anaandika jina lako, naye anataka ukiri jambo la kukupeleka kizuizini. Nani angesema kweli? Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wanasheria walilitazama kama jambo la haki. Mimi naongeza kwamba lilikuwa pia jambo la kipimo, kwa sababu hakuna hojaji yenye uhalali mahali ambapo ukweli unaadhibiwa.

Sheria moja haiondoi hofu yote. Katika mji mdogo, anayeuliza maswali huenda ni mke wa jirani. Anayefasiri Kiteso huenda ni shemeji. Mlango wa chumba hauna kitasa, na foleni inasikiliza. Jibu la "hapana" linalotolewa hapo halipimi moyo, linapima aibu.

Na ikiwa jibu ni "ndiyo", mwulizaji hana ruhusa ya kuandika 3 na kuendelea na safari. Ni lazima ajue atampeleka nani, leo, si wiki ijayo. Kuuliza swali hilo bila kuwa na msaada wa kutoa ni sawa na kumpima mtu homa kali kisha kumfungia mlango. Kwa msomaji ambaye swali hilo linamgusa wakati huu, usinyamaze. Mwambie mtu unayemwamini, au piga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haina malipo.

NI CHEKECHEO, SI HAKIMU

Tufanye hesabu ndogo ya shule. Tuseme kliniki ina watu 100, na 10 kati yao wana sonona kweli. Hojaji yetu ni nzuri: inawanasa 8 kati ya wale 10. Kati ya wale 90 wazima, inakosea kwa 9 tu. Jumla ya walionaswa ni 17. Kati yao, wagonjwa kweli ni 8. Yaani hata kwa hojaji nzuri, zaidi ya nusu ya walionaswa hawana ugonjwa, na wagonjwa 2 wamepita bila kuonekana.

Hii haimaanishi karatasi itupwe. Chekecheo la unga haliliwi, lakini huwezi kupika bila hilo. Kazi yake ni kutenga wachache wa kuzungumza nao kwa kina, ili mtaalamu mmoja asihitaji kuwaona wote 100. Makosa ni kuligeuza chekecheo kuwa hakimu.

Mwanafunzi unayepata kibarua cha kuhoji wakati wa likizo, soma swali kama lilivyoandikwa. Usilipambe, usimjibie mhojiwa, usikunje uso. Wewe ndiwe ule mkono wa muuzaji, na ukiyumba kipimo kimeyumba. Kama swali halieleweki, liandike na ulirudishe kwa waliokutuma. Mgonjwa, una haki ya kuuliza: karatasi hii ni ya nini, majibu yataenda wapi, na je, tunaweza kuzungumzia mahali pa faragha? Nanyi mnaojipima kwa simu usiku wa manane, msijitangazie ugonjwa kwa sababu mmefikisha alama 12 katika wiki ya mitihani.

Viongozi wa kaunti na wenzao wa upande wa Uganda nao wana kazi. Tunakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma na foleni ikanyoosha kilomita nyingi, kwa kuwa Uganda ilitaka wapimwe korona upya kwa dola 30 ilhali walikuwa na vyeti mfukoni. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini upande mmoja haukuamini kipimo cha mwingine. Watu wa Busia huvuka kila siku, wakalala huku na kutibiwa kule. Itakuwa ajabu iwapo mtu atahesabiwa mgonjwa saa nne Busia ya Kenya na mzima saa sita Busia ya Uganda, kwa sababu ya tafsiri mbili za swali moja. Wakae pamoja, wawasikilize watu wao kama ilivyofanyika Masaka, na gorogoro liwe moja.

Mnunuzi wa mahindi akipunjwa, hupoteza shilingi. Anayepunjwa na kipimo cha moyo huenda akapoteza mwana. Kwa hiyo msomaji, siku utakapoletewa karatasi hiyo, usicheke wala usikimbie. Igeuze kwanza, utazame kitako.